Winchi Imekula Betri

Mwezi wa kumi mwaka 1993, vumbi la Kyela likiwa limefika mpaka kwenye meno, dereva Evodius aliniwekea betri ya gari la mradi juu ya meza na kuniambia, bila haya, kwamba winchi imekula betri.

Winchi ni ile mashine ya kuvutia inayofungwa mbele ya gari, chini ya taa, yenye ngoma iliyozungushiwa waya wa chuma. Gari likizama kwenye tope, unafunga waya kwenye mti, unabonyeza kitufe, gari linajivuta lenyewe. Sasa mwezi wa kumi hapa kwetu tope utalitoa wapi? Mashamba ya Talatala yalikuwa yamekauka mpaka ardhi imepasuka, mtu anakatiza kwa baiskeli huku anapiga mluzi. Nilimtazama Evodius. Akaangalia pembeni.

"Winchi," akarudia.

"Haya," nikasema. "Iweke pale."

Nilijua anadanganya, na nilijua tangu mwezi wa nane. Kosa langu ni hilo na sitalizunguka.

Naitwa Felista. Kazi yangu ni kuchaji betri, pale Mbugani, kwenye banda lililoegemea mashine ya kukoboa mpunga. Umeme wangu ulitoka kwenye jenereta ya mashine hiyo, kwa hiyo siku ambayo hakuna mpunga, hakuna chaji, hata uje na barua ya mkuu wa wilaya. Kazi ilikuwa ya mume wangu, Anyitike. Mwaka 1988 alivuka mto Songwe kwenda Karonga kutafuta betri za kuuza, akasema wiki mbili. Betri zikaja, zimebebwa na watu wengine. Yeye akawa ananitumia salamu. Kila mfanyabiashara aliyerudi kutoka Malawi aliniambia, "Anyitike anakusalimia sana," na kila mmoja alijua, kama nilivyojua mimi, kwamba kule ana mke na watoto watatu. Binti yetu mmoja ameolewa Tukuyu. Nikabaki na chaja, sufuria mbili na jina la mume. Si mjane, maana mume yupo hai. Si mke, maana mume yupo kwa mwenzangu. Watu wa hali hiyo hawana hata msiba wa kuliliwa. Nilikuwa mpweke, na nalisema hivyo hivyo kwa kuwa nimechoka kusema nilikuwa "nimezoea."

Evodius alikuja mara ya kwanza mwezi wa nne wa mwaka huo wa 1993, masika yenyewe, na siku hiyo winchi ilikuwa imekula betri kweli. Gari lilikuwa na tope mpaka kwenye vioo. Alikuwa mtu wa Bukoba, ameletwa Kyela na mradi wa mpunga, umri wake hamsini hivi, mrefu, ana tabia ya kukunja mikono ya shati kwa utaratibu kama anakunja barua.

"Ulivuta injini ikiwa inawaka?" nilimuuliza.

"Niliizima. Tumeambiwa tubane mafuta."

Nilimtukana kidogo. Ndiyo, siku ya kwanza. Mtu anachukua mashine inayonyonya umeme kuliko kitu kingine chochote garini, kuliko taa zote ukijumlisha na honi, halafu anazima injini, yaani anazima kile kinachorudisha umeme. Nikamweleza: hata injini ikiwaka, alternata, ile dinamo ya injini, ni kijiko na winchi ni ndoo. Kijiko kinajaza, ndoo inachota. Ndiyo maana unavuta kidogo, unaacha, injini inanguruma dakika kadhaa, ndipo unavuta tena. Ukiona taa zinafifia, acha. Ukishika waya mnene wa betri ukaunguza kiganja, acha. Na betri usiiache ifike mwisho kabisa, kwa sababu sahani za ndani huota chumvi nyeupe, na chumvi hiyo ikishakomaa hakuna chaja ya kuiondoa. Betri itajaa haraka, itakudanganya imepona, siku ya kazi itakuacha njiani.

Alisikiliza yote. Mwisho akasema, "Ndaga."

Ndaga kwetu ni asante. Baadaye nikagundua kwamba yeye alidhani ni "ndiyo." Alikuwa amekaa Kyela miezi mitano akijibu "ndaga" kwa kila kitu. Bibi mmoja wa Ipyana alimwambia tairi lake limetoboka, akajibu ndaga, akaendelea kuendesha. Nilicheka mpaka mashine ya mpunga ikanyamaza watu wakanisikia. Sikumbuki mara ya mwisho kabla ya hapo niliyocheka kwa sauti.

Wateja wengine huacha betri wakaenda zao na kuifuata kesho yake. Evodius alikaa. Alisema gari liliwashwa kwa kusukumwa, na sasa halina betri, aende wapi? Akageuza kreti, akakaa, akanisimulia kwamba mke wake alifariki miaka minne nyuma, kwamba ameomba uhamisho mara tatu na hajajibiwa, na kwamba sisi watu wa Kyela ndizi tunazipika kama tunaziadhibu. Nilimwambia aende akapike mwenyewe. Akasema anapika, lakini kupikia mtu mmoja ni kama kujisemesha.

Akarudi baada ya wiki mbili. Halafu baada ya wiki mbili tena. Masika yakaisha, yeye akaendelea kuja, na kila mara ni winchi.

Sasa mimi ni fundi. Betri iliyoliwa na winchi naijua. Inakuja na joto, vichwa vyake vimebabuka pale waya ulipobana, na ukiiacha ipumzike inajikusanya kidogo. Ya Evodius ilikuja baridi, safi, imeisha chaji vyumba vyote sita sawasawa, kama mtu aliyekufa usingizini. Betri ya namna hiyo imeachiwa taa zikiwaka gari limesimama. Siku moja mwezi wa nane nilitoka nje kumsindikiza, nikainama kutazama ile winchi. Waya ulikuwa na grisi yake yote, haujaguswa. Buibui alikuwa amefunga utando kutoka kwenye ngoma mpaka kwenye bampa, na alikuwa amekaa katikati kwa raha zake.

Nilipoinuka, Evodius alikuwa ananitazama. Nikasema, "Winchi inataka kuoshwa," nikarudi ndani. Moyo ulikuwa unanipiga, mwanamke mzima wa miaka arobaini na mitano.

Kwa hiyo mtu huyu alikuwa anaimaliza betri makusudi apate sababu ya kuja kukaa kwenye kreti langu. Hakuweza kuja mikono mitupu. Hata mimi nisingeweza kumkaribisha mikono mitupu. Mbugani ina macho kuliko samaki wa ziwani, na jirani yangu Tumpale, muuza mitumba, alikuwa na macho ya watu watatu. Mwanamume mwenye betri ni mteja. Asiye na betri ni habari.

Nilipaswa kumwambia. Fundi anayeona betri inauawa akanyamaza si fundi. Kila alipoileta nilichovya kipimo cha asidi, na kile kiboya chenye rangi kilikuwa kinasimama chini zaidi kuliko mara iliyopita, hata baada ya chaji ya siku nzima. Masika yangekuja. Gari lile ndilo pekee la mradi lililofika kando ya ziwa mvua ikinyesha. Nilijua litazama mahali, na nilijua winchi itaiomba betri kitu ambacho betri haina. Lakini nikimwambia "Evodius, acha kuwasha taa," atajua kwamba najua, atatahayari, hatarudi. Yeye ni mtu wa kutahayari. Nilimwona nilipomsahihisha ndaga yake, mara mbili zilizofuata alikuja hasemi neno la Kinyakyusa. Basi nikawa najiambia nitamwambia Jumatatu. Jumatatu ikifika anakaa, anakunja mikono ya shati, anaanza kisa, nami nasema Jumatatu ijayo.

Mwezi wa kwanza, mwaka ulipogeuka, nilijaribu kwa pembeni. "Betri hii imechoka," nikamwambia. "Waambie wanunue nyingine."

"Siwezi, Fundi. Wanapunguza watu. Wiki iliyopita wamepunguzwa walinzi wawili na karani. Nikiomba betri mpya wataniuliza hii imekufaje."

Kila mtu enzi hizo aliogopa neno hilo, kupunguzwa. Maduka yalikuwa yamejaa vitu ambavyo hatukuwahi kuviona, na kazi zilikuwa zinaondoka kwa mlango wa nyuma. Sikusema zaidi. Nilimwongezea maji, nikampa betri yake.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi, mwezi wa nne. Asubuhi alipita na gari limejaa: mabwana shamba wawili, mama Veronika wa ushirika, na magunia ya mbegu. Alisimama mbele ya banda bila kuzima injini. Nadhani aliogopa isingewaka tena.

"Fundi, nikirudi nakuletea dagaa, usipa wa Matema."

Mawingu yalikuwa yamekaa juu ya milima ya Livingstone, meusi. Maneno yalikuwa mdomoni. Mbele ya abiria wake ningesemaje? Nikamwambia, "Ukivuta, vuta kidogo, pumzika."

"Nimekuelewa, mwalimu," akasema, akacheka, akaondoka.

Saa saba mchana walikwama kwenye kivuko cha mto, maji yakipanda. Alifunga waya kwenye mkuyu wa ng'ambo. Mama Veronika alinisimulia baadaye kwamba alifanya kila kitu kwa taratibu, injini inawaka, anavuta, anaacha. Mvuto wa kwanza gari likasogea hatua mbili. Wa pili, winchi ikalia kwa sauti nzito, ikapunguza mwendo, taa zikawa za manjano, ikasimama. Maji yakaingia kwenye bomba la moshi, injini ikazima. Alipotaka kuiwasha, starta ilifanya tk, tk, basi. Wanakijiji waliwabeba abiria mgongoni, mmoja mmoja. Mama Veronika alianguka, akavunjika mkono. Evodius alitoka wa mwisho, maji kifuani. Gari lilikaa mtoni siku mbili, linaonekana paa tu, na mbegu za vijiji vinne zikaenda ziwani.

Mficha maradhi kilio humfichua. Nilikaa bandani siku zile mbili nikijiambia kwamba angeweza kufa, na kwamba kreti lile lilikuwa limenigharimu sana utu wangu.

Jumatatu wakaja. Mbele alikuwa Bwana Lameck, afisa usafiri wa mradi, ana daftari. Nyuma yake mkokoteni umebeba betri, ina matope. Nyuma ya mkokoteni, Evodius. Alikuwa amekonda kwa siku nne. Tumpale aliacha mitumba yake, akasogea. Watu wa mashine ya mpunga nao wakasogea.

"Ugonile, Mama," Lameck akanisalimu.

"Ndaga, ugonile."

"Betri hii imeletwa kwako zaidi ya mara ishirini ndani ya mwaka mmoja. Betri ya gari zima haiendi hospitali mara ishirini. Ama dereva anaichezea, ama fundi hajui kazi. Kama ni dereva, leo ndiyo mwisho wake mradini. Nataka uniambie wewe."

Nilimtazama Evodius. Alikuwa anatazama viatu vyake. Aliona midomo yangu inafunguka, akafumba macho.

Bandani kwangu kulikuwa na madumu mawili. Jeupe lina maji yaliyosafishwa, ya kuongezea. Jeusi lina asidi, ya kujazia betri mpya peke yake. Watu wote, hata madereva wa miaka mingi, vyote viwili huviita "maji ya betri." Mteja anakuja anasema nipe maji ya betri, fundi ndiye anayejua ampe lipi. Ukiongeza asidi mahali pa maji, kipimo kitakuonyesha betri nzuri kumbe ndani sahani zinaliwa. Ni kosa la mtu asiyejua kusoma dumu. Katika miaka sita sikuwahi kulifanya hata mara moja.

"Ni mimi," nikasema. "Nilikuwa naongeza asidi mahali pa maji. Nilichanganya madumu."

Watu waliguna. Lameck akaandika. "Mara zote?"

"Mara nyingi."

"Na dereva?"

"Dereva alikuwa analeta betri kama alivyoagizwa. Ameniamini."

Lameck akafunga daftari. Nilimsubiri Evodius aseme kitu. Sikutaka akatae, ningemkasirikia kama angekataa na kujipunguzisha kazi. Nilitaka tu ainue macho. Hakuinua. Waligeuza mkokoteni wakaondoka, naye akausukuma.

Mji mdogo hauhitaji redio. Kufikia Ijumaa hata watoto waliimba kwamba Fundi Felista anapika betri kwa siki. Wateja walikuja kuchukua betri zao kabla hazijajaa. Wengine walizibeba kwenye baiskeli mpaka kwa fundi wa Ipyana, ambaye, Mungu ananisikia, hajui hata chanya na hasi. Tumpale alinijia jioni moja na sahani ya wali.

"Dada, ulikuwa fundi mzuri," akasema, kama vile nimezikwa.

Mradi ukalitengeneza gari, ukanunua betri ya kisasa kutoka Dubai, iliyofunikwa moja kwa moja, haifunguliwi wala haiongezwi maji. Dereva akapewa amri kwa maandishi asilete chochote kwangu. Mara ya kwanza alipopita alipiga honi kidogo. Mara ya pili pia. Wiki ya tatu alipita bila honi, macho mbele. Nilikuwa nimesimama mlangoni kama mjinga.

Nilimkasirikia. Usidhani nililia tu. Nilimkasirikia nikiosha vyombo, nikichota maji, nikilala. Nimempa jina langu, kitu pekee ambacho Anyitike hakwenda nacho Karonga, na huyu mtu ameona haya. Haya! Mji mzima unanitukana kwa ajili yake, yeye amejifungia ndani kulinda aibu yake isipigwe na jua. Halafu hasira ikishuka, nilibaki na banda lisilo na sauti, na jenereta ya mpunga inanguruma bila kumchajia mtu, na nilikuwa natamani hata uongo wake.

Mwezi wa sita, Jumamosi saa tisa mchana, nilifunga banda. Nilivaa kitenge kilichonyooka. Tumpale akauliza, "Unaenda wapi?" nikamwambia, "Kwa Evodius," kwa sauti ya kawaida kabisa.

Njia ya kwenda kwenye nyumba za mradi inapita kwa baba yake Anyitike. Kwetu mwanamke haonani na baba mkwe. Akimwona njiani anapisha, anageuka, anajifunika, hata kama miaka ishirini imepita. Na siku hiyo hiyo mzee alikuwa anakuja na fimbo yake. Niliingia kwenye mashamba ya mpunga mpaka magotini, nikampa mgongo, nikafunika kichwa, nikasubiri. Nilisikia fimbo inasimama. Alijua ni mimi, na njia ile haiendi popote ila kwenye nyumba za mradi. Nikasikia anakohoa, fimbo ikaendelea. Nikatoka, nikafuta tope miguuni kwa majani, nikaendelea na mimi.

Evodius alikuwa mlangoni, anachambua mchele kwenye ungo. Aliponiona alisimama, mchele ukamwagika kidogo.

"Fundi."

Akanitazama mikono, akitafuta nimeleta nini.

"Nilijua tangu mwezi wa nane," nikamwambia. Nilikuwa nimepanga kuanza na salamu. "Buibui alikuwa amejenga kwenye winchi yako. Nilijua na nikanyamaza, kwa sababu nilitaka uje. Mkono wa mama Veronika ni wangu na wako, nusu kwa nusu. Hilo ndilo la kwanza. La pili, umenipita na gari wiki sita kama mtu aliyekufa, na mimi sijafa."

Alitazama mchele uliomwagika. Nilidhani ataingia ndani afunge mlango, na nilikuwa tayari kuupiga teke.

"Nilikuwa nakaa mbele ya gari," alisema mwisho, taratibu, "naziangalia taa mpaka zizime. Zikichelewa kuzima nilikuwa naudhika, kwa sababu siku inapita. Mtu mzima, Felista. Ningekuja kukuambiaje hilo?"

Hakuwahi kuniita kwa jina.

"Sasa umeniambia."

"Na hapa umekuja kwa kazi gani? Watu wote wamekuona."

"Sina kazi yoyote. Nimekuja kukaa."

"Kukaa mpaka lini?"

Neno kukaa kwetu lina urefu wa namna mbili, wa mchana mmoja na wa maisha, na niliona usoni kwake kwamba hajui ameuliza lipi, wala mimi sikujua nimesema lipi. Barabarani watu walikuwa wamepunguza mwendo.

"Lete kiti kwanza," nikasema.

Aliingia ndani, akatoka na kiti, akakipangusa kwa mkono wa shati ingawa kilikuwa safi. Nilikaa. Nikamwambia alete na chake tuongee. Alisimama pale, ungo mkononi, akaniambia kwamba hicho ndicho kiti chenyewe. Karibu miaka miwili alikuwa Kyela, na hakuwahi kuhitaji cha pili.